Tangazo Lililobaki Mkandani

Kazi yangu ni dirisha. Watu wa Bwiza, mtaa wetu hapa Bujumbura, wanalijua: lina kioo, chini yake lina tundu la kupitishia maneno, na linatazama barabara kutoka ukutani mwa redio yetu. Mwenye msiba anakuja hapo. Aliyepotelewa na mbuzi anakuja. Anayetaka jamaa zake wa Rumonge wajue siku ya kuondoa matanga, naye anakuja. Mimi Assia nawasikiliza, naandika, na saa ya matangazo ikifika naingia studio nikayasome. Kila tangazo nalisoma mara mbili, ndiyo desturi, kwa sababu mtu akisikia jina lake mara ya kwanza huwa haamini. Sijisifu, lakini nimewaita watu nyumbani kuliko mama yeyote wa mji huu, na wengi walikuja.

Ukipita mgongoni mwangu ukafuata korido hadi mwisho, utakuta chumba kidogo kisicho na dirisha lolote. Hicho ni cha mzee Massoudi, mtunza sauti. Kila kinachopita hewani kwetu, habari, kaswida, mahojiano, ngoma za arusi, kinahifadhiwa kwenye kompyuta, na kila Alhamisi yeye anakitoa humo na kukinakili kwenye mkanda. Usifikirie kaseti. Ni kitu cheusi cha plastiki, kinene, kinachojaa kiganja, na utepe uliolala ndani yake ungeunyoosha ungevuka Bwiza nzima. Wafadhili fulani walituachia mashine yake pamoja na sanduku la mikanda, kisha wakaenda zao.

Watu wa redio, ambao mkanda wanauita bande, walikuwa wanamtania. "Muzee, dunia iko kwa flash, we uko bado kwa bande!" Yeye hakubishana nao. Alisema tu kwamba diski inataka umeme na mkanda hautaki kitu, na kwamba katika mji huu ni vizuri kuwa na kitu kimoja kisichotaka kitu.

Alijifunza kazi hiyo zamani, enzi za mikanda mikubwa ya kuzunguka. Wakati ule mtunza sauti hakufunga mkanda bila kuutia kichwa. Anasogea kwenye maikrofoni, anataja siku, anataja kilichomo, anataja jina lake, ili atakayekuja kuufungua ajue ameshika nini. Kompyuta zilipoingia desturi hiyo iliwafia watu wote isipokuwa yeye. Kila Alhamisi alifunga mlango wake, akarekodi kichwa, akakitia mwanzoni mwa mkanda, kisha akakifuta kwenye kompyuta kisiwachafulie wenzake kazi.

Kila wiki alitengeneza mikanda miwili. Mmoja ulibaki kabatini kwake. Wa pili aliupeleka mbali, kwa sababu kanuni ya kazi yake ni kwamba nyumba ikiungua, kitu kibaki nyumba nyingine. Nyumba hiyo nyingine ilikuwa depo moja kule Zone Industrielle, eneo la viwanda, ambako rafiki wa redio alitupa kabati lenye kufuli. Kwa hiyo ungemwona Alhamisi mchana, kofia ya kiua kichwani, mkanda kwapani ndani ya mfuko wa plastiki, anashuka kwa miguu kupita maghala yanayonuka sabuni na mawese. Akishafunga kabati, hakurudi moja kwa moja. Aliendelea hadi kwenye geti la bandari, akasimama, akatazama meli za mizigo zilizotoka Kigoma. Wapakuzi walimzoea. Walidhani ana mzigo unaochelewa.

Walikuwa sahihi kwa namna yao. Mzigo wake uliitwa Faridi.

Faridi ni mtoto wake wa pekee. Kijana alimpenda Lisette, binti wa Kikristo wa Ngagara, mwimbaji wa kwaya, akasema atamuoa hivyo hivyo alivyo. Massoudi akasema ndoa hiyo hataikanyaga. Faridi akasema basi. Ni watu wawili wenye paji la uso moja na ugumu wa kichwa mmoja, na mama Zubeda katikati akiwa mpatanishi asiyesikilizwa na yeyote. Faridi akamchukua mke wake, akapata kazi kwenye meli ya mizigo, akahamia Kigoma. Namba za simu zikabadilika. Massoudi akaapa mbele ya watu, msikitini na barazani: "Atakuja yeye mwenyewe. Mi sitamwita."

Kisha Zubeda akaugua. Nilikwenda kumjulia hali mara nyingi, na kila nilipoingia aliinua kichwa kwanza aone ni nani. Alikuwa na swali moja tu: "Faridi amefika?" Na Massoudi, aliyekaa ukingoni mwa kitanda, alikuwa na jibu moja: "Yuko njiani." Sisi tulidhani amemwita. Nani angedhani vingine? Anafanya kazi kwenye nyumba ambayo watu wanashuka milimani kwa miguu ili waje kuita wenzao.

Zubeda akafariki asubuhi, tukamzika alasiri, maana kwetu maiti hasubirishwi. Faridi hakuonekana. Matanga yalikuwa yamekwisha siku mpakuzi mmoja wa bandari alipoinama kwenye tundu langu na kusema ametumwa maneno na hajui ampe nani. Nikamwambia anipe mimi. Akayasema kama alivyoyabeba: "Faridi anasema, mumwambie ule muzee mi sina tena baba. Redio yake inaita watu yote, mi peke yangu ndiye imeshindwa kuita."

Nikayapeleka hadi mwisho wa korido, nikayamwaga palepale. Massoudi alikuwa anasafisha mashine kwa kitambaa. "Nimesikia," alisema, akaendelea kusafisha. Nilitoka pale nimekasirika, nikajiambia kwamba mzee huyu kifua chake ni sanduku la bati.

Miaka ikapita namna hiyo. Nyumbani kwake avenue ya tano akabaki yeye na paa. Alijipikia, na majirani walijua siku alizojipikia kwa harufu ya kuungua. Ukimsalimia alijibu salamu yote, mpaka rehema na baraka zake, halafu mazungumzo yakaishia hapo. Kazini alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka, lakini nani anamtafuta mtunza sauti? Tulimkumbuka tulipotaka kitu kilichopotea, na kwa kuwa kompyuta zilikuwa nzima, hakikupotea kitu.

Masika ya mwaka huu umeme ulikatika mchana, kama kawaida yake, kisha ukarudi kwa hasira. Tulisikia mlio mmoja tu. Moshi ukatoka kwenye chumba cha kompyuta, na harufu yake ilikaa kwenye mapazia kwa muda mrefu. Diski zote ziliungua. Miaka ya redio, sauti za watu waliokwisha kufa, kaswida za Ramadhani, vyote vikawa chuma cha moto.

Mkurugenzi wetu, Madamu Carmen, alitukusanya koridoni. Ni mwanamke asiyelia, lakini siku ile macho yake yalikuwa yameiva. Akamgeukia Massoudi, na sisi wote tukamgeukia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza watu wengi kiasi kile kumtazama kwa pamoja.

"Muzee, bande zako ziko nzima?"

Massoudi alitazama mlango wa chumba chake. Nilidhani anahesabu mikanda kichwani.

Kumbe alikuwa anahesabu vitu vingine, na haya aliniambia mwenyewe baadaye. Zubeda alipokuwa hai, vichwa vyake vya mikanda vilikuwa vifupi: siku, yaliyomo, jina, basi. Baada ya Zubeda, vikaanza kurefuka. Alhamisi moja aliongeza kwamba wali umeungua. Nyingine akaongeza kwamba jirani ameoza binti na yeye hajui kama hakualikwa au alialikwa akasahau. Kisha akazoea. Mlango umefungwa, maikrofoni iko mdomoni, na mkanda haukatizi mtu maneno. Aliuambia kwamba anaogopa Ijumaa kwa sababu hakuna kazi ya mikono. Aliuambia kwamba amekwenda bandarini tena. Aliuambia mambo ambayo mwanaume wa Bwiza, mwenye kofia yake na heshima yake, hamwambii hata imamu. Kisha akakifuta kichwa kwenye kompyuta, akauweka mkanda kabatini, na siri ikawa imesitirika. Aliona ni kama kuzika.

Sasa Madamu Carmen alikuwa anataka kufukua. Na mzee alijua kwamba angetamka neno moja tu, "imeoza", hakuna ambaye angebisha. Unyevu wa ziwa umekula vitu vikubwa kuliko mikanda. Siri yake ingebaki yake, na sauti za watu wote zingekwenda na moshi.

"Ziko nzima, Madamu," alisema. "Zote."

Fundi wetu wa kompyuta ni Valéry, baba wa watoto watatu, mtu mwema asiyependa kupoteza muda. Alifunga mashine mpya, akavaa visikilizio, akaanza kurudisha mkanda mmoja baada ya mwingine: anasikiliza mwanzo wa kila kitu, anakitia mahali pake, wimbo kwa wimbo, habari kwa habari. Massoudi alizunguka mlango wa chumba kile kutwa. Nilimpelekea sambusa, akaishika tu mpaka ikapoa. Kila Valéry alipocheka na kitu masikioni mwake, mzee alishtuka.

Kazi ikaisha. Redio nzima ilipiga makofi. Sauti zote zilikuwa zimerudi, na Madamu Carmen alimkumbatia Massoudi mbele ya watu, jambo ambalo mzee hakujua afanye nini nalo. Aliposhusha mikono alimsogelea Valéry, akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini mimi masikio yangu ni ya dirishani.

"Na zile za mwanzo? Kila bande iko na kitu kidogo mbele."

"Zile?" Valéry alikuwa anakunja nyaya. "Nilisikia ni we unasema tarehe. Nimeruka zote, Muzee. Haina kazi."

"Yote umeruka?"

"Yote. Nani atasikiliza tarehe?"

"Alhamdulillahi," alisema Massoudi.

Kisha akaja akaketi kwenye stuli iliyo nyuma yangu, pale dirishani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu nimjue. Foleni ilikuwa imekwisha.

"Dada Assia," akasema, "mutu anaweza kuogopa kitu, kitu isimufikie, na bado imuume?"

"Hiyo ni jino, Muzee," nikamjibu, maana mimi na utani ni ndugu.

Akacheka kidogo, kisha uso wake ukaharibika, na ndipo aliponieleza habari ya vichwa. Aliniambia yote niliyokusimulia hapo juu. Alikuwa ameogopa wasikie, na sasa alikuwa amejua kwamba sauti yake ilifika sikioni mwa mtu, na yule mtu akairuka. Nilitaka kumwambia kitu kizuri. Nikamwambia nitamletea samaki kesho, mukeke wa kukaanga, akaitikia, tukafunga dirisha.

Kesho yake nilileta mukeke kweli, na ndiyo siku jambo lenyewe lilipotokea.

Lazima nieleze kwanza mashine ya matangazo. Mengi nasoma mimi, lakini yako yaliyorekodiwa, na hayo yanakaa kwenye kompyuta pamoja na alama: likishatoka hewani linatiwa alama ya kutoka. Saa ya matangazo ikifika na mimi bado nina watu dirishani, mashine inajitafutia yenyewe lile lisilo na alama, inalitoa. Valéry alikuwa amerudisha matangazo yote ya miaka yote kutoka kwenye mikanda. Yote yalikuwa na alama zake. Lilikuwapo moja tu ambalo halikuwahi kutoka.

Saa sita mchana foleni ilikuwa ndefu. Juu ya dirisha tumeweka spika ili wanaosubiri wasikie redio. Muziki ukakoma. Ikaja sauti ya mwanaume, iliyonyooka, ya mtu aliyejipanga kabla ya kusema:

"Tangazo limfikie Faridi mwana wa Massoudi, popote alipo, Kigoma au majini. Mama yako Zubeda anaumwa sana hapa Bwiza. Anakuuliza wewe. Yaliyopita tuyaache. Njoo haraka. Narudia."

Na ikarudia, neno kwa neno, kama ninavyofanya mimi.

Hakuna aliyejongea kwenye foleni. Bibi mmoja mwenye kikapu cha ndagala, dagaa wa ziwa letu, akauliza wenzake, "Zubeda? Zubeda gani? Si tulimuzika, ule?" Nikageuka. Massoudi alikuwa amesimama koridoni na sahani ya mukeke mkononi, mdomo wazi, kama anayesikiliza mtu mwingine kabisa.

Alikuwa amelirekodi kweli, alinieleza palepale koridoni, wiki ile Zubeda alipokuwa kitandani. Alilihifadhi kwenye kompyuta kwa jina la tangazo, kama inavyotakiwa, kisha akatembea korido nzima aje kuniambia nilitoe saa sita. Akafika mgongoni mwangu. Kwenye foleni walikuwapo wanaume wa msikiti wake, walewale aliowaapia. Tangazo likitoka, Bwiza yote itajua kwamba Massoudi ana mtoto asiyekuja mpaka aitwe na redio, na kwamba kiapo chake kimevunjika. Akageuza miguu. Mimi sikumwona hata kuja. Alirudi chumbani akalifuta, akaona yamekwisha. Lakini ilikuwa Alhamisi, mashine ilikuwa ikinakili wakati yeye yuko koridoni, na mkanda ulikuwa umekwisha kulichukua pamoja na mengine yote. Kompyuta ukiiambia isahau, inasahau. Mkanda huwezi kung'oa kitu kimoja katikati yake. Labda uuharibu wote.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Massoudi alifaulu kuficha hata kwenye kilio.

Mtaa ukachemka. Wakasema mzee amechanganyikiwa, anamtangaza marehemu kuwa mgonjwa. Wanawake wakampelekea uji. Wazee wawili wakamwendea na Kurani wamsomee, naye akawafungulia, wakasoma hadi mwisho, akawashukuru. Hakuja kazini. Nilikwenda kumgongea, akajibu kutoka ndani kwamba ni mzima na kwamba Alhamisi atakuja, kwa sababu Alhamisi kuna mikanda.

Alhamisi akaja kweli, akapita nyuma yangu, akaingia chumbani kwake. Nilikuwa nahudumia watu wachache wa asubuhi mwanaume mmoja alipoinama kwenye tundu langu. Alikuwa na vumbi la simenti hadi kwenye nyusi.

"Dada, mi nauliza tangazo moja. Ile ya Zubeda."

Sikuhitaji kumuuliza jina. Lile paji la uso nalijua.

"Tunashusha simenti hapa bandari," akasema. "Mupishi wetu anapenda redio. Nilisikia ile sauti tukiwa bado majini, nikafikiri ni wazimu inanianza. Ni sauti ya lini?"

"Ya wakati mama alikuwa bado anapumua," nikasema.

Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Basi aliniita," akasema. Akarudia kwa nguvu zaidi. "Aliniita! Mi ndiye sikusikia. Ile miezi tulikuwa tunaenda mpaka Moba, kule Kongo, redio ya huku haishiki. Miaka yote hii namutukana bure mutu mukubwa."

Alianza kulia palepale kwenye foleni, mwanaume mzima, machozi yakichora njia kwenye simenti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Niliona jambo limejitengeneza lenyewe, na hakuna anayehitaji kulishika tena. Nikasikia hatua nyuma yangu. Massoudi alikuwa amefika, mkanda wa wiki ile mkononi. Baba na mwana wakatazamana kwenye kioo.

"Baba," alisema Faridi kwenye tundu, "unisamehe. Mi sikujua kama uliniita."

Chini ya meza nilimkanyaga mzee mguu. Kukanyaga kwa kweli. Nilimaanisha: nyamaza, pokea, hii ni riziki.

Massoudi akauondoa mguu wake.

"Sikukuita," alisema.

Faridi akapangusa macho, hakuelewa.

"Nilirekodi. Nikafika hapa, mahali nimesimama. Nikaona watu, nikaona haya. Nikarudi nikafuta." Sauti yake ilikuwa ileile ya kusomea vichwa vya mikanda. "Mama yako aliuliza wewe mpaka mwisho. Mi nilimwambia uko njiani. Nilimudanganya, amekufa anakungoja."

Watu wa foleni walikuwa wanasikia. Mmoja wa wazee wa msikitini alikuwa wa pili kutoka mbele, na Massoudi alimwona, kwa sababu alimtazama kwanza ndipo akaendelea kusema.

"Sasa nani ametoa tangazo?" Faridi akauliza taratibu.

"Mashine. Kwa makosa."

"Mashine."

"Ego," akasema Massoudi, yaani ndiyo.

Faridi akatikisa kichwa kama mtu anayeonyeshwa mzigo asioagiza. "Basi mi nimeitwa na mashine," akasema. Akavaa kofia yake, akageuka, akavuka barabara kuelekea bandarini bila kuangalia nyuma.

Nilimgeukia mzee nikiwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo kazini. "We ni mutu ya namna gani? Si ungenyamaza? Alikuwa amekusamehe!"

"Alikuwa anasamehe mutu mwingine," akasema Massoudi. "Ule baba aliyemuita. Mi ule simujui."

Akatoka nje kwa mlango wa mbele. Nilidhani anamkimbilia mwanawe, nikasema moyoni, afadhali. Lakini hakumkimbilia. Alikwenda hadi mwisho wa foleni, nyuma ya yule bibi wa ndagala, aliyekuwa amekuja tena siku hiyo, akasimama juani na mkanda wake kwapani kama mtu yeyote aliyeshuka kutoka milimani kule Bujumbura Rural. Nilimwita kwa mkono aingie ndani, akakataa kwa kichwa. Waliokuwa mbele walitaka kumpisha, akawakatalia pia. Mzee wa msikitini alitoa tangazo lake la mkutano wa wazazi, akaondoka akimpita karibu, wakasalimiana. Akaja wa pili, akaja wa tatu. Niliandika bila kujua ninachoandika.

Zamu yake ikafika. Akainama kwenye tundu. Kwa mara ya kwanza niliona uso wake kutoka upande wanaotokea wageni wangu wote, na nilijua nimekaa naye miaka bila kumtazama.

"Salamu alaikum, dada. Nataka kutoa tangazo."

"Waalaikum salaam, Muzee. Limufikie nani?"

Akaniambia. Alilisema kwa sauti, wote nyuma yake wakasikia, na hakuondoa macho yake kwenye kioo. Nikamuuliza kama anataka kulirekodi mwenyewe kule chumbani kwake. Akasema hapana, nisome mimi, maana mimi nikisoma linatoka. Kisha akaushika vizuri mfuko wa mkanda, akashuka barabara ileile aliyoshuka mwanawe, kwa mwendo wake wa siku zote. Meli haikuwa imemaliza kushusha. Njia ya kwenda depo na njia ya kwenda bandarini ni moja.

Sikungoja saa sita. Nilifunga dirisha foleni ikinung'unika, nikaingia studio, nikamwonyesha Valéry kwa kidole akate muziki. Nikawaza jiko la meli, na mpishi anayependa redio, na nikaomba asiwe amekwenda kuoga.

"Tangazo limfikie Faridi mwana wa Massoudi, aliyeko bandarini Bujumbura. Baba yako anasema: kwanza uliitwa na mashine, sasa anakuita yeye. Yuko njiani, anakuja kwa miguu. Anaomba umngoje getini."

Nikanywa maji, nikarudia.